Mwani Usiuzwe kwa Bei ya Jani

Katika vibanda vya Goba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, watoto hununua barafu ya ubuyu. Huiuma kwa urahisi, ilhali barafu ya maji matupu iliyotoka katika friji hiyo hiyo hushinda meno. Tofauti hiyo huletwa hasa na sukari, ambayo huzuia sehemu ya maji isigeuke barafu. Mwalimu wa sayansi akiutumia mfano huo, atawafungulia wanafunzi mlango wa elimu inayoshughulikiwa kwa bidii na mataifa yenye viwanda.

Elimu hiyo ni ya kutengeneza jeli inayonyumbuka hata katika baridi kali. Jeli ni maji mengi yaliyonaswa katika wavu wa nyuzi ndogo mno. Hutumika katika vibandiko vya kupimia mapigo ya moyo na vya kufunikia vidonda. Baridi ikizidi, maji hayo hugeuka barafu, na jeli hukakamaa na kupasuka. Kwa hiyo wataalamu huichanganya na chumvi au gliserini, ili maji yasigande upesi.

Jambo la kuzingatiwa ni asili ya wavu huo. Baadhi ya jeli hizo hutengenezwa kwa karaginani, dutu itokayo katika mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti mwani tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja. Wakulima wengi ni wanawake, wafanyao kazi majini jua likiwaka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje ikiwa mikavu tu. Mwenye jasho hupata kidogo. Mwenye maabara hupata kingi.

Wapo watakaouliza jeli ya baridi ina faida gani kwa nchi ya joto. Karafuu nayo haikulimwa kwa ajili ya walaji wa Unguja na Pemba pekee.

Hapana budi, basi, maofisa wa mipango waitengee maabara fedha, na walimu waitoe sayansi ubaoni waipeleke mikononi mwa vijana. Taifa linalouza jani na kununua dawa halijajitegemea. Kujitegemea kwa kweli kutaanza siku mwani utakapotoka pwani ukiwa bidhaa iliyokamilika.