MTOTO ATOKA USIKU: NANI AMEMWITA?



Kila Jumapili watu wakitoka kanisani, na kila jioni penye bomba la maji, twasikia neno moja: watoto hawalali nyumbani. Mama analia kwamba kijana wake wa miaka 15 hutoka saa mbili usiku na kurudi alfajiri. Baba analaumu simu, analaumu bia, analaumu rafiki za mtoto. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini hayajafika kwenye shina. Kabla ya kumwuliza mtoto anakwenda wapi, yafaa tuulize ni nani amemwita.

Usiku wa Kasulo si sawa na usiku wa miji mingine. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwake akakuta mawe ya kobalti. Habari ikaenea kama moto wa kiangazi, na watu wakatoboa uani, jikoni, hata ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 wakuu wa mkoa wa Lualaba wakaipa kampuni ya Congo Dongfang Mining haki ya kununua madini ya sehemu moja ya mtaa. Mamia ya familia wakahamishwa, ukuta ukajengwa, na langoni ikaamriwa kwamba asiyetimiza miaka 18 asiingie. Amri hiyo ni njema. Lakini shimo lililo nje ya ukuta halina lango, na usiku hauna karani wa kuuliza umri.

Basi kijana anashuka shimoni na tochi kichwani. Akipanda na kiroba cha mawe, yuko mtu wa kukinunua, naye hamwulizi jina wala darasa. Asubuhi mtoto ana franka nyingi kuliko babaye aliyeshinda kazini. Hapo ndipo nyumba inapopinduka. Noti inawekwa mezani, unga unanunuliwa, na watu wote wananyamaza. Mzazi aliyekula jasho la usiku la mwanawe, kesho atamkataza kwa mdomo gani?

Wala hatari si hadithi. Tarehe 27 Juni 2019, hapa hapa Kolwezi, udongo uliporomoka katika mgodi wa kampuni ya Kamoto, ukaua wachimbaji wa mkono wasiopungua 43. Na asiyefukiwa na udongo hufuatwa na vumbi. Mwaka 2018 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza matokeo ya kupima damu na mkojo wa watu wa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi kupita ile ya watu wa mtaa wa jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto.

Tusiwasahau mabinti. Penye mashimo pana njaa, na penye njaa binti hutumwa kuuza maandazi na maji mpaka usiku. Aliyemtuma anahesabu faida ya sahani. Nani anahesabu maneno anayoambiwa na wanaume wenye fedha mpya mfukoni?

Wako wanaosema: askari wapite, kila kijana atakayeonekana baada ya saa tatu akamatwe. Sisi hatukubali. Wazee wetu wanaijua sheria ya namna hiyo. Wakati wa Wabelgiji Mwafrika alikatazwa kutembea usiku katika mji wa Wazungu pasipo ruhusa, na sheria ile haikulea mtoto hata mmoja. Desemba 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, nchi nzima ilifungwa usiku toka saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri. Marufuku iliondoka, na mashimo yakabaki. Tena askari hawezi kumtambua aliyetoka shimoni na aliyetoka kwenye matanga, kwenye kesha la kanisa, au kutazama mpira kwa jirani. Vijana si wahuni kwa sababu tu jua limezama.

Twataka nini, basi?

Kwanza, kila mzazi aulize fedha inatoka wapi, na aulize kabla ya kuipokea. Swali hilo ni gumu kuliko fimbo, lakini linafika mbali zaidi.

Pili, jirani amlinde mtoto wa jirani. Mji wetu ni mji wa migodi: baba huyu yuko kazini usiku, mama yule amekwenda sokoni kabla ya mapambazuko. Hapana mzazi awezaye kukesha peke yake. Watu wa barabara moja wakutane, wapatane saa moja ya watoto kuwa nyumbani, na anayewaona nje awaulize kama mzazi, si kama polisi.

Tatu, mnunuzi abanwe. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, na inakataza asitiwe katika kazi za hatari. Mara nyingi anayekimbizwa ni mtoto mwenye kiroba, na mwenye mizani anaachwa. Pasipo mnunuzi wa usiku hapana mchimbaji wa usiku.

Nne, twaikumbusha serikali shule. Tangu 2019 ilitangazwa kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, nasi tunashukuru. Lakini kijana wa miaka 14 amekwisha kutoka shule ya msingi, na huko mbele bado anadaiwa ada. Anafukuzwa darasani Jumatatu, na Jumatatu usiku yuko shimoni. Tusistaajabu.

Wazee walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa Kasulo ulimwengu umekuja mpaka chini ya kitanda cha mtoto, nao unalipa taslimu. Nchi hii ilijitwalia uhuru tarehe 30 Juni 1960 ili mali ya udongo ilishe watoto. Haikukusudiwa udongo ule watoto.

Shime, wazazi! Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, tuhesabu walio ndani.