Kausha damu na mkono wa Benki Kuu Simiyu

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake hadi asilimia 5.75. Kwa mabenki ya Dar es Salaam hiyo ilikuwa habari kubwa. Kwa mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu ilipita kimya, maana mikopo anayoijua huhesabiwa riba kwa mwezi, wakati mwingine kwa wiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilitungwa ili kumfikia mtu huyo. Iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: benki ndogo zinazopokea amana na wakopeshaji wasiopokea amana wakabaki chini ya Benki Kuu, SACCOS zikakasimiwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii kama VICOBA vikaachiwa halmashauri. Mpangilio una mantiki. Ila usimamizi wake umeegemea leseni, na kinachomuumiza mkopaji wa Simiyu kimo ndani ya mkataba.

Pamba hupandwa kuanzia Novemba, na ununuzi hufunguliwa Mei. Katikati kuna palizi, viuadudu na sare za shule za Januari. Mkopeshaji mwenye leseni hapaswi kuzidisha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hiyo laki tano za Desemba zinazolipwa kwa mkupuo Juni zinazaa riba ya shilingi 105,000. Inalipika, iwapo mkopeshaji atasubiri mavuno. Akitaka marejesho ya kila wiki kutoka kwa mtu anayeuza mara moja kwa mwaka, mkopo umeharibika siku ile ile uliposainiwa, hata kama kila tarakimu iko ndani ya kanuni. Mkulima atakopa kwingine alipe hapa, na huko kwingine ndiko kwenye kausha damu, ambako kadi ya benki na namba yake ya siri huwekwa rehani. Msimu wa 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wakulima wengi wakakaa muda mrefu bila kulipwa. Pamba ilikuwa imeshapimwa. Riba haikusimama kuwangoja wanunuzi.

Wapo watakaosema kazi ya Benki Kuu ni kulinda amana, na mkopeshaji asiyepokea amana akianguka anaanguka peke yake. Hoja hiyo ina uzito: Januari 2018 benki tano zilifungwa kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo ya wakulima wa Kagera na zile za wananchi wa Njombe na Meru, na wenye akiba ndio walioumia. Lakini Benki Kuu yenyewe ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Jukumu hilo imeshalibeba, haiwezi kulitua mlangoni pa mkopaji mdogo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: ukibana, wakopeshaji hujificha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na programu ni rahisi kuirudisha kwa jina jingine. Ndiyo maana siombi kikomo cha riba kishushwe. Kikishuka mno, wa kwanza kuondoka Maswa atakuwa yule anayefuata sheria. Ninachotaka ni ratiba ya marejesho inayolingana na kipato cha mkopaji, na jumla ya deni kwa shilingi iandikwe kwa Kiswahili juu ya sehemu ya sahihi. Halmashauri nazo zipewe fungu la ukaguzi. Leo ofisi ya maendeleo ya jamii inayosimamia vikundi ndiyo hiyo hiyo inayoshughulikia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na sioni itapata wapi muda, au hata hamu, ya kukagua vitabu vya vikundi inavyovikopesha. Mkaguzi afike Bariadi Oktoba, mikataba ya msimu ikiwa bado haijasainiwa. Akija Juni atakuta ng'ombe wameshauzwa.