Mipangilio Kwanza, Viendelezi Baadaye

Mwanafunzi wa Machakos aingiaye saiba kuomba mkopo wa HELB huulizwa na kivinjari iwapo nywila yake ihifadhiwe. Akikubali, aketiye hapo baada yake huikuta. Ili kujikinga, wenzetu aghalabu hukimbilia viendelezi, yaani vile vijiprogramu vya kupachikwa kivinjarini, kana kwamba wingi wa walinzi ndio usalama.

Sikubaliani nao. Viendelezi vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa tuufunguao, na mwenye kukitunga kiendelezi aweza kukiuza kwa yeyote. The Great Suspender, kilichopendwa mno, kiliuzwa mwaka 2020. Februari 2021 Google ikakizima kwa kubeba programu hasidi. Mipangilio, kwa upande wake, imo tayari ndani ya kivinjari: dirisha la faragha, kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji, kulazimisha HTTPS. Hili la mwisho zamani lilikuwa kazi ya kiendelezi HTTPS Everywhere, ambacho kilistaafishwa mwaka 2023 baada ya vivinjari vikuu kuitwaa kazi hiyo.

Kizuia-matangazo nakiafiki, tena kimoja tu. Ila kompyuta ya saiba si yetu kuipachika chochote, na Chrome ya simu zetu za Android haipokei viendelezi. Dirisha la faragha lapatikana kote kuwili, mradi lifungwe kabla ya kuinuka.