Watoto Wadogo Wasisahauliwe Msimuni



Kila mmoja wetu anaujua mchele wa Mbeya, lakini ni wachache wanaofikiri juu ya wale wanaoulima. Sehemu ya mchele huo hutoka Madibira, wilaya ya Mbarali, katika mashamba ya kiasi cha hekta 3,000 yanayonyweshwa kwa maji ya mto Ndembera. Mpunga ukitoa masuke, kweleakwelea huja kwa makundi, na hapana budi watu washinde shambani kuamia ndege tangu alfajiri hata magharibi. Mama akienda kuamia, mwanawe mdogo huenda naye, au huachwa mikononi mwa dada yake.

Sisi wa karafuu hatuna haki ya kuwacheka. Msimu ukifika tunapiga dago, na mtoto wa miaka 4 huwekwa chini ya mkarafuu akilindwa na dada wa miaka 9, ambaye mahali pake ni skuli. Hasara huwa mbili: mkubwa hukosa masomo, na mdogo hushinda kutwa bila ya kusemeshwa na mtu mzima.

Wataalamu wamethibitisha kwamba sehemu kubwa ya ubongo hukua kabla ya mtoto kutimiza miaka 5. Ndiyo maana Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na Bara ikafanya hivyo katika sera ya mwaka 2014. Lakini sera hizo hazifiki dago.

Wako watakaosema kwamba jambo hili lataka fedha nyingi. Sivyo. Mpango wa madrasa za watoto wadogo, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kufika Zanzibar mwaka 1990, umeonyesha kwamba mama wa mtaani akifunzwa vizuri, vifuu, makombe ya pwani na vizibo vya chupa vyatosha kuwa vyombo vya kusomeshea.

Rai yetu ni hii. Katika kila dago wenye mashamba wachange, mama mmoja mwenye subira alipwe sawa na mchumaji, akae na watoto juu ya jamvi. Karafuu yenyewe ni somo: kutenga makonyo, kuhesabu vikonyo, kujua pishi iliyojaa na iliyopungua. Jua likiwa kali, watoto wapewe hadithi na vitendawili. Wenzetu wa Madibira nao waweza kufanya vivyo hivyo kandoni mwa majaruba yao.

Mkarafuu usipozaa mwaka huu, twangojea mwakani. Mtoto wa miaka 4 mwakani ana miaka 5. Tunawaomba wanachama wa kila tawi walizungumze jambo hili kabla ya msimu kuanza, na wamchague mama huyo mapema.