Karatasi za wabunge wetu zaliwa na mchwa

Mhariri,

Hasira ya jana haijanitoka. Nimekuwa nikitafuta karatasi za marehemu Lawrence Oguda, aliyechaguliwa Machi 1957 kuiwakilisha Nyanza Kusini katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia humo kwa kura. Vijana wa hapa Suna hawamjui kabisa, nami nilitaka kuwaandikia habari zake.

Katika ofisi moja ya umma mjini, karani alinitaka nilete barua ya chifu. Nikaileta. Akasema mwenye ufunguo wa stoo yuko semina. Niliporudi, nikaambiwa ameenda matangani. Jana stoo ikafunguliwa: paa linavuja, makatoni yamegandana kwa unyevu, mchwa wamejenga ndani ya faili. Niliyoiinua ilimomonyoka mikononi mwangu. Kijana aliyenifungulia akasema nyingine zilichomwa ili ipatikane nafasi ya viti vya plastiki. Viti, Mhariri! Nilishindwa kumjibu.

Kinyume chake, nyaraka za mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969 na kuzikwa Rusinga, zimo katika Taasisi ya Hoover, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliozitunza nawashukuru kwa dhati. Lakini mwanafunzi wa Mbita atatoa wapi nauli na viza ya kwenda kusoma barua za mtu wa kwao? Homa Bay kuna chuo kikuu chenye jina la Mboya, na Rongo kuna chuo kikuu kingine. Vipewe fedha na vyumba vikavu, viagize nakala kutoka Stanford, vikusanye karatasi za wabunge wetu wote kabla familia hazijaziuza kwa wachuuzi wa njugu ili wafungie njugu zao.

Wanasiasa wa leo watasema hakuna pesa. Za kuchapisha kalenda na fulana zenye sura zao zatoka wapi? Mtu akae bungeni miaka kumi, asituachie hata hotuba moja tunayoweza kuisoma!

Uzembe huu wa kupoteza karatasi haukomei stoo; na fomu za basari nazo ni vivyo hivyo. Binti wa jirani yangu alijaza fomu, ikapotelea katika ofisi, muhula ukaanza, akafukuzwa kwa kukosa karo. Alipouliza akaambiwa ajaze nyingine. Kamati inayogawa pesa hizo ibandike ubaoni majina ya wote waliopewa, kata kwa kata, kabla shule hazijafunguliwa.

Mwalimu mstaafu,
Suna, Migori