Ni nani anashika mwendo wa kazi?

Ndugu zangu wa mgodi, na ninyi mama na vijana munaosoma pamoja nao,

Wiki iliyopita shefu mumoja aliniambia: «Zamani batu banaimba ku kazi, njo kusema balikuwa na furaha. Leo munalalamika tu.» Sikumujibu palepale. Ninamujibu hapa.

Kuna muziki wa jazi unaitwa Work Song, maana yake Wimbo wa Kazi. Aliyeutunga ni Nat Adderley, Mmarekani mweusi wa Florida, mpiga korneti, ile tarumbeta fupi. Aliurekodi mwaka wa 1960 pamoja na mpiga gitaa Wes Montgomery. Mwaka uleule kaka yake Cannonball akaurekodi naye kwa saksofoni. Adderley mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa mtoto aliona wafungwa wa minyororo wakitengeneza barabara mbele ya nyumba yao, wakiimba.

Musikilize vizuri. Korneti inaita kidogo, halafu pa! wengine wanajibu pamoja. Ile pa ni nyundo. Furaha iko wapi pale, shefu? Wafungwa waliimba ili vyuma vishuke mara moja, mtu asimuvunje mwenzake mkono. Na mwimbaji wa mbele ndiye aliyeshika mwendo. Akiona mzee amechoka, anavuta wimbo polepole, wote wanapunguza, na mlinzi mwenye bunduki hajui tena amuite nani mvivu.

Marehemu baba yangu alihamisha reli ku kariere, kundi zima na vyuma mukononi, nao waliimba. Aliniambia kapita hakuchagua mwimbaji. Walimuchagua wao, mtu anayejua mgongo wa kila mumoja.

Leo mwendo unatoka ku ofisi: lori ngapi kwa zamu moja, imeandikwa ku karatasi. Dereva akisinzia saa kumi za usiku, karatasi haimuone. Mimi sitamani nyundo irudi, hapana, mashine ilituponya migongo. Lakini siku wanapopanga hesabu ile ya lori, delege wa sendika akae pale mezani, na aweze kusema: hapa tupunguze.

Tutaleta neno hilo ku mkutano ujao na wakubwa. Shefu wangu naye aje, muziki niko nao ku telefone.