Nani Atalipia Kuziba Visima?

Kisima cha mafuta au gesi hakifi siku mashine zinapozimwa. Bomba la chuma lililoshushwa ardhini huendelea kuliwa na kutu, saruji inayolizunguka hupasuka, na kisima kisichozibwa huweza kuwa njia ya kupitishia gesi ya metheni angani, na maji ya chumvi katika mikondo ya maji ya kunywa. Ndiyo maana kisima kilichokwisha hupaswa kuzibwa kwa saruji, kichwa chake kukatwa chini ya uso wa ardhi, na shamba kurudishwa katika hali yake. Kazi hiyo ni ghali, wala haileti hata senti moja ya faida. Hapo ndipo hila za mabepari zinapoanzia.

Tuitazame Kanada, katika Jimbo la Alberta. Huko makampuni makubwa yakishavuna huviuza visima vikongwe kwa vikampuni visivyo na akiba. Vikifilisika, visima huitwa yatima. Kampuni ya Redwater ilipowekwa chini ya mfilisi mwaka 2015 ilikuwa na leseni za visima 84. Mfilisi alichukua 17 tu, vile vyenye kutoa zaidi, ili deni la benki lilipwe. Vilivyobaki alitaka kuviacha bila mwenyewe. Na benki yenyewe, ajabu ya Mungu, ilikuwa mali ya serikali ya jimbo hilo hilo! Mahakama mbili zilimkubalia. Ni tarehe 31 Januari, 2019 ndipo Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua, majaji watano dhidi ya wawili, kwamba wajibu wa kusafisha ardhi haufutwi na kufilisika, wala wadai hawawezi kugawana mali kana kwamba wajibu huo haupo.

Hukumu hiyo ni ya haki, lakini faida ya miaka mingi ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwaka 2020 Serikali ya Kanada ilitenga dola bilioni 1.7 za nchi hiyo kwa kazi ya kusafisha visima. Mwaka 2021 Marekani nayo ilitenga dola bilioni 4.7. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mabepari hawa wamewapita wahenga: nyama wamekula peke yao, janga wamewaachia walipa kodi.

Nasi jambo hili linatuhusu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2004 ile ya Songo Songo inatuzalishia umeme. Visima hivyo navyo vitazeeka. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inauzungumzia wajibu wa kufunga na kusafisha, lakini saruji hainunuliwi kwa vifungu vya sheria. Fedha ziwekwe wakati gesi ingali inatoka. Kila mwaka mapato ya gesi yanaposomwa Bungeni, akiba ya kuvizibia visima isomwe papo hapo; na hakuna kisima kinachopaswa kuhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine kabla aliyevuna hajaonyesha fedha hizo ziko wapi.